Namna Wafanyakazi wa Chama cha Ushirika Wanavyoweza Kujitolea Kijijini: Mwongozo kwa AMCOS za Tabora

Chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa tumbaku, yaani AMCOS, katika wilaya za Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui kwa kawaida hakina wafanyakazi wengi. Utamkuta katibu meneja, mhasibu, karani mmoja au wawili, mtunza ghala, mlinzi, na pengine bwana shamba anayelipwa na chama chenyewe. Hawa ndio wanaoulizwa kila mwaka, hasa inapokaribia Jumamosi ya kwanza ya Julai ambayo ni Siku ya Ushirika Duniani, kwamba chama kimeifanyia nini jamii inayokizunguka, nao mara nyingi hujibu kwa kutaja madawati, mabati au saruji iliyonunuliwa kwa fedha za wanachama. Mwongozo huu hauhusu misaada ya namna hiyo. Unahusu kazi ambayo wafanyakazi wenyewe wanaweza kuifanya bila malipo katika vijiji wanamoishi, kwa ujuzi walionao, pamoja na taratibu zinazoizuia kazi hiyo isigeuke chanzo cha manung'uniko.

Nasema ujuzi kwa makusudi. Kijiji hakina upungufu wa watu wanaojua kulima, kufyatua tofali au kuchimba msingi, na karani wa chama akishika jembe mbele ya wakulima wa Usoke atakuwa wa mwisho kumaliza tuta lake. Kinachokosekana vijijini, ilhali kinafanyika kila siku ndani ya ofisi ya chama, ni kupima, kuandika, kuhifadhi na kutoa hesabu mbele ya watu. Mtu aliyepokea marobota ya tumbaku msimu mzima, akaandika uzito na daraja la kila robota bila kumpunja mwenye mali, ana kitu cha kuipa shule au kikundi cha akina mama ambacho mfadhili wa mabati hana.

Kibali, muda na mali ya chama

Kujali jamii ni msingi wa saba wa ushirika, na umo katika tamko la utambulisho wa ushirika lililopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995. Maneno yanayosahaulika katika msingi huo ni yale yanayosema kwamba chama hufanya kazi kwa ajili ya maendeleo endelevu ya jamii kwa kufuata sera zilizoidhinishwa na wanachama wake. Kwa hiyo hata kama wafanyakazi wanajitolea nafsi zao tu, wanachama wanapaswa kujua na kuridhia, kwa sababu mtumishi huyo kesho asubuhi anatakiwa kuwa dirishani akiwahudumia.

Hatua ya kwanza ni andiko la ukurasa mmoja ambalo katibu meneja hulipeleka mbele ya bodi. Andiko hilo lieleze kazi inayokusudiwa, kijiji itakapofanyika, majina ya wafanyakazi walioomba kushiriki, saa zitakazotumika kila mwezi, na mali ya chama itakayoguswa, iwe mizani, chumba cha ghala, pikipiki au lori. Bodi ikikubali, jambo lenyewe lisomwe katika mkutano mkuu. Na kama kuna shilingi yoyote ya chama itakayotumika, shilingi hiyo lazima iwemo katika makisio ya mapato na matumizi ambayo mkutano huo umeyapitisha. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, anapokuta lita 40 za dizeli zilizotumika kupeleka mchanga shuleni bila kifungu cha bajeti, hana safu ya kuandikia nia njema.

Muda nao utenganishwe waziwazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Saa ambazo chama kimemruhusu mfanyakazi kutoka ofisini huku mshahara wake ukiendelea ni mchango wa chama, si wa mfanyakazi. Saa anazotoa Jumamosi jioni au Jumapili baada ya ibada ni za kwake. Daftari liwe na safu mbili, ili taarifa itakaposomwa pasitokee chama kujisifia jasho la mtu, wala mtu kujisifia muda uliolipwa na wakulima. Kwa chama kidogo, nusu siku kwa mwezi inatosha, na katika miezi ya masoko isiwepo kabisa.

Pasiwe na kulazimishwa. Kujitolea kwa amri ni shokoa, hata kukiwa na fulana mpya. Mlinzi aliyekesha usiku kucha asihesabiwe mkaidi kwa kukosa kufika shuleni saa mbili asubuhi, na mshahara wa mtu usikatwe kwa ajili ya "mchango wa wafanyakazi kwa jamii" pasipo yeye mwenyewe kukubali kwa maandishi. Posho nayo iondolewe tangu mwanzo: nauli halisi na chakula cha mchana vinaweza kurudishwa kwa risiti, lakini bahasha ikishatoka mara moja, safari ya pili haitakuwepo bila bahasha. Kuhusu fulana na kofia zenye nembo ya chama, nimewahi kuona bajeti ya siku moja ya usafi wa zahanati ambayo fulana zilikula zaidi ya mafagio, glovu, sabuni na dawa ya kuulia vijidudu kwa pamoja. Mavazi ya kazi ya zamani yanatosha.

Kuuliza kabla ya kwenda

Wakazi wa Urambo wana mfano wa karibu wa gharama ya kutouliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa matrekta na wataalamu waliotoka mbali, na kufikia 1951 mpango huo ulikuwa umeachwa baada ya kumeza makumi ya mamilioni ya pauni. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa Urambo ndiyo iliyokuja kulimwa tumbaku. Kazi ya kujitolea ya watu sita haiwezi kuleta hasara ya ukubwa huo, ila kosa lake huwa la ukoo huohuo: mtu anafika na jibu kabla hajasikia swali.

Njia ya kuuliza ipo kisheria, na haihitaji dodoso. Katibu meneja aende kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, ajitambulishe hata kama wanafahamiana tangu utotoni, na aombe kusoma mihutasari ya mikutano mikuu ya kijiji ya mwaka mmoja uliopita. Mkutano huo unamhusu kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na unapaswa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu. Ndani ya mihutasari hiyo mtakuta mambo ambayo kijiji kilishayaamua na yakakwama: mahindi ya shule yaliyooza, boma la zahanati lililosimama kwenye lenta, kikundi kilichogombana kwa sababu ya hesabu. Chagueni katika hayo. Jambo ambalo halikuwahi kutajwa na mkutano wa kijiji lisianzishwe na ofisi ya chama.

Mihutasari pekee hata hivyo haitoshi, kwa kuwa huandikwa kwa sauti ya waliosema. Katika vyama vyetu vya tumbaku jina lililoandikwa kwenye rejesta ya wanachama mara nyingi ni la baba wa kaya, hivyo orodha ya mahitaji itakayotoka kwa wanachama itakuwa orodha ya wanaume wa umri fulani. Siku ya kliniki ya watoto, au asubuhi kisimani, mfanyakazi mwanamke wa chama atasikia mengine kabisa, na akianza kwa salamu ya Kinyamwezi, "mwangaluka", na kukaa kidogo kabla ya kueleza shida iliyomleta, ataambiwa zaidi. Wafugaji waliohamia vitongoji vya pembezoni nao waulizwe, kwani kama itakavyoonekana kwenye suala la miti, uamuzi uliofanywa bila wao huishia tumboni mwa ng'ombe wao.

Jiandaeni pia kwa jambo moja ambalo haliepukiki. Popote mfanyakazi wa chama atakaposimama, swali la kwanza litakuwa ni lini fedha za tumbaku zitaingia benki. Asijibu kwa kubahatisha ili apate kusikilizwa, wala asikasirike. Aseme kwamba swali hilo lina mahali pake ofisini na siku yake, ataje siku hiyo, kisha siku hiyo awepo.

Msimu unaamuru

Kalenda ya kujitolea haipangwi na ofisi bali na zao. Vitalu vya miche ya tumbaku huanza kushughulikiwa karibu na Septemba, kupandikiza hufuata mvua za Novemba na Desemba, kuvuna na kukausha kwenye mabani hushika kasi kuanzia Februari, na masoko huanza kwenye Aprili au Mei yakaendelea hadi Julai au Agosti. Mfanyakazi anayeahidi kufundisha kikundi kila Jumatano wakati wa masoko anadanganya, ingawa hajui kama anadanganya. Miezi ya Agosti hadi Oktoba ndiyo yenye nafasi: barabara zinapitika, watu wamepata fedha, mahindi yako ghalani na nyumba zinajengwa. Desemba na Januari zitengewe miti peke yake.

Stoo ya chakula cha shule

Kama chama kina uwezo wa kufanya jambo moja tu, ningeshauri liwe hili. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, chakula cha mchana shuleni kimeendelea kutegemea makubaliano ya wazazi, ambao huchangia mahindi na maharage baada ya mavuno. Mahindi hukusanywa, huwekwa kwenye chumba kimoja cha darasa au nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, na ifikapo Novemba yamekwisha, hakuna anayejua kama yameliwa na watoto, na wadudu au na watu. Mwaka unaofuata wazazi hawatoi. Hapo tatizo limeshaacha kuwa la njaa na limekuwa la imani, na imani hurudi kwa mizani na daftari.

Anzeni kwa hesabu mbele ya kamati ya shule. Tuchukue shule yenye wanafunzi 300 wanaokula dona, na kila mtoto apangiwe gramu 150 za mahindi kwa siku: hizo ni kilo 45 kila siku, na kwa mwaka wa masomo wa siku 194 ni kilo 8,730, yaani magunia 87 na kidogo ya kilo mia mia. Wazazi wanapoiona hesabu hiyo imeandikwa ubaoni, mjadala huhama kutoka "kila kaya itoe debe" kwenda kwenye kiasi kinachohitajika hasa na namna ya kuwasamehe wasio nacho. Mchango upimwe kwa kilo na si kwa debe au gunia, kwa sababu debe hujazwa kwa mikono tofauti na gunia la lumbesa linajulikana kwa kila mtu. Mizani ya chama ipelekwe shuleni siku mbili zilizotangazwa, uzito usomwe kwa sauti, na kila mzazi aondoke na stakabadhi ndogo yenye jina, tarehe na kilo.

Kabla ya kupokea, mtunza ghala akague unyevu. Mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13 au 13.5, pasipokuwa na kipima unyevu, weka kiganja cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi hayo yarudi juani. Mzazi aliyekuja na mahindi mabichi asiaibishwe mbele ya wenzake. Apewe turubai ayaanike palepale shuleni. Mahindi yenye unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, ambayo mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na haiondoki kwa kupikwa.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita akiwa na tochi, na yasifike darini. Adui mkubwa ni dumuzi, mdudu aliyeingia Afrika kutoka Amerika na kugunduliwa kwanza katika mkoa huuhuu wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye baadhi ya wakulima walimwita Scania, kama lile lori, kwa jinsi anavyosaga. Mifuko isiyopitisha hewa humdhibiti bila dawa iwapo mahindi ni makavu na mfuko haujatobolewa; penye dawa ya unga, kipimo kitolewe na bwana shamba na muda wa kusubiri kabla ya kula uandikwe ukutani.

Hapa pana onyo linalowahusu watu wa tumbaku kuliko wengine wote. Ghala la chama lina mbolea na viuatilifu vya zao, na kishawishi cha kuyahifadhi mahindi ya shule humo ni kikubwa kwa sababu lina kufuli nzuri na mlinzi. Msifanye hivyo, hata kwa usiku mmoja. Mifuko mitupu ya mbolea isitumike kubebea chakula, dawa zilizobaki za tumbaku zisinyunyiziwe kwenye stoo ya shule, na lori lililobeba viuatilifu lisipakie mahindi kabla ya kuoshwa.

Daftari la stoo linahitaji safu chache: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sahihi mbili, moja ya mwalimu wa zamu na nyingine ya mzazi wa kamati. Karani wa chama asitie sahihi ya kutoa chakula. Kazi yake ni kufundisha namna ya kujaza, kuja mara moja kwa mwezi kuhesabu magunia yaliyopo, na kulinganisha na daftari mbele ya wote wawili. Pakiwa na tofauti, iandikwe kama ilivyo. Nimeona karani mwema akirekebisha tarakimu ili asimwaibishe mwalimu, na kwa wema huo akaua kazi ya mwaka mzima, maana wazazi walikuwa wameshahesabu magunia kwa macho yao.

Vitabu vya vikundi

Vikundi vya kuweka na kukopa viko karibu kila kitongoji, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka visajiliwe. Isitoshe, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na kikundi kisicho na katiba, mihutasari na kitabu cha fedha kinachosomeka huishia mlangoni. Mhasibu wa chama anaweza kuyaweka sawa mambo hayo kwa vikao sita hivi: rejesta ya wanachama, kitabu cha hisa, kitabu cha mikopo na marejesho, kitabu cha fedha taslimu, muhtasari, na mwisho jinsi ya kufunga hesabu za mwaka na kugawana.

Kosa langu mwenyewe katika kazi hii lilikuwa kuwaandikia. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mama mweka hazina alikuwa anasitasita, nami nikawa na haraka ya kurudi nyumbani. Basi kila kikao nilivuta kitabu na kujaza. Nilipokwenda likizo ya miezi miwili, kitabu kilisimama pale nilipokiacha, na kikundi kikarudia kuhesabu kwa punje za mahindi ndani ya mkebe, tena kwa usahihi kuliko nilivyotegemea. Tangu hapo nashauri mfanyakazi wa kujitolea akae na mikono mapajani. Mweka hazina aandike mwenyewe, hata akikosea, kosa lifutwe kwa mstari mmoja na kuwekwa sahihi. Kama anajua kuhesabu kwa punje, punje hizo ndizo mwanzo wa somo, na hakuna sababu ya kumfanya azionee haya.

Mhasibu wa chama asishike ufunguo wowote wa sanduku la fedha la kikundi lenye kufuli tatu, asiweke akiba yake humo, wala asikope. Vilevile asitumie anayoyajua ofisini kuhusu deni la mwanachama kumshauri mwenyekiti wa kikundi nani apewe mkopo.

Kutoa damu

Kazi hii haihitaji ujuzi wa ofisi, lakini inahitaji mwandalizi, na wafanyakazi wa chama ni waandalizi wazuri kwa kuwa wana orodha ya watu na njia ya kuwafikia. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kiko Tabora mjini. Aandikiwe barua mganga mkuu wa wilaya mapema, kisha tarehe ipangwe na wataalamu wenyewe kulingana na safari zao. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, ila si akiwa mjamzito au ananyonyesha. Chupa moja huchukua karibu mililita 450, na damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mambo hayo yaelezwe wazi siku chache kabla, kwa sababu wako watu wazima wenye nia njema ambao hubadili mawazo wakiwa foleni kwa hofu ya majibu, na ni afadhali wabaki nyumbani kwa heshima yao.

Wengine watashauri zoezi lifanyike siku ya soko la tumbaku, kwa kuwa watu wamekusanyika. Mimi sikubaliani. Mkulima siku ya soko amekesha na mzigo wake, hajala, amekaa juani akisubiri mteuzi anayepanga madaraja ya tumbaku, na moyo wake uko kwenye madaraja. Tafuteni siku nyingine, wachangiaji waje wameshakula na kunywa maji ya kutosha.

Miti

Tukubaliane kwanza juu ya jambo la aibu kidogo. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na miti ambayo mkulima anatakiwa kuipanda kwa ajili ya mabani yake ni wajibu wa zao. Chama kisiihesabu miche hiyo kama kazi ya kujitolea na kuipigia picha mara ya pili. Miti inayozungumziwa hapa ni ile ya shule, zahanati, visima na njia.

Mwaka wetu wa kwanza tulipanda miche 200 katika uwanja wa shule mwezi wa Machi, kwa shangwe, baada ya barua ya kuomba miche kuchelewa. Mvua zikakatika kabla mizizi haijashuka, na kuanzia Juni, mashamba yalipovunwa na mifugo kuachiwa kuzunguka, ng'ombe wakamalizia iliyobaki. Ikasalimika kumi na mmoja, yote nyuma ya choo cha walimu. Kutokana na hilo napendekeza idadi ndogo na maandalizi marefu: mashimo ya sentimita 45 kila upande yachimbwe Oktoba, miche ipandwe Desemba ardhi ikishalowa, na kila mche uwe na uzio wa miba na jina la mwanafunzi au kaya inayoumwagilia kiangazi kinapoingia. Miche 40 ya namna hiyo ni mingi. Kikao na wafugaji kifanyike kabla ya shimo la kwanza, na kama kijiji kina sheria ndogo ya mifugo kuingia maeneo ya umma, isomwe hapo.

Kuhusu aina ya miti, waulizeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi au ofisi ya wakala wa misitu, TFS, iliyo karibu badala ya kupokea chochote kilichopo kwenye kitalu. Mkaratusi usipandwe karibu na kisima. Miembe ya kivuli inajitetea yenyewe, maana hakuna anayeikata, na mji wa Tabora ni shahidi. Na pale ambapo pori la miombo limekatwa lakini visiki viko hai, pengine kazi bora ni kutopanda kabisa, bali kulinda machipukizi dhidi ya moto kwa kusafisha barabara ya kuzuia moto mwezi wa Mei au Juni.

Maboma ya madarasa na zahanati nayataja kwa ufupi tu. Mafundi wapo kijijini. Chama kisaidie kutunza daftari la vifaa, ili ijulikane mifuko mingapi ya saruji iliingia na mingapi ilijengewa.

Watoto, picha na wageni wa heshima

Mfanyakazi asikae na mwanafunzi peke yake katika chumba kilichofungwa, na shughuli yoyote na watoto iwe mbele ya mwalimu. Mtoto asipewe kazi ya kubeba mizigo ya wafanyakazi kwa kisingizio cha kushiriki. Picha za watoto, wagonjwa au waliopewa msaada zisipigwe wala kusambazwa kwenye makundi ya simu bila ridhaa, ya mzazi kwa upande wa mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalindwa hivyo, na heshima ya mtu ilikuwa ikilindwa hivyo kabla ya sheria hiyo kuwepo. Wanasiasa watakapotaka kuja kufungua stoo yenye magunia 87, wapokelewe kwa adabu kama wageni wengine, ila katika miezi ya kampeni, ziwe za serikali au za bodi ya chama, sherehe yoyote iahirishwe. Mjumbe wa bodi anayegombea tena asiwe msimamizi wa kazi ya kujitolea mwaka huo.

Taarifa na makabidhiano

Kila robo mwaka, taarifa ya ukurasa mmoja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chama na nakala yake ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji. Iseme saa ngapi zilitolewa na nani, mali gani ya chama ilitumika, nini kilifanyika na nini kilishindikana. Ile miche 189 iliyokufa iandikwe.

Kila kazi iwe na tarehe ya kuisha tangu siku ilipoanza. Kwa stoo ya shule, mwaka mmoja na nusu unatosha: msimu mmoja karani anaonyesha, msimu wa pili anatazama. Siku ya makabidhiano, magunia yahesabiwe na karani, mwalimu na kamati, tarakimu zisomwe mbele ya wazazi, na daftari likabidhiwe pamoja na barua ya kumwondoa karani kwenye usimamizi. Muhula unaofuata stoo ifunguliwe na kufungwa bila yeye. Arudi mara moja tu, shule zinapofunga, ahesabu magunia na kufungua daftari. Hesabu zikilingana, mizani ipakiwe kwenye pikipiki iende shule ya kijiji kinachofuata.